Moto unaokatika kupanda Soni: shajara ya CG125

Hali ilivyo

Breki za mbele na nyuma zimekamilika, cheni na sproketi ni mpya, tanki limeoshwa kutu, kabureta imefunguliwa, imesafishwa na kurudishwa. Pikipiki yenyewe ni Honda CG125 ya miaka ya 1990, niliyoipata mnadani ikiwa haina betri na siti yake imetafunwa na panya. Sasa inatembea. Shida ni kwamba inatembea inapojisikia.

Asubuhi inawaka kwa kiki moja. Ukiichukua kwenye tambarare, Mombo kwenda Mazinde na kurudi, haina neno. Ipandishe mlima wa Lushoto ndipo utaijua. Kabla ya kufika Soni, mji mdogo ulio njiani, inaanza vituko. Mara inakata moto kwenye kona, kitambo kidogo tu, halafu moto unarudi kwa kishindo mpaka cheni inalia. Mara inazima kabisa, na hapo piga kiki utakavyo, mguu utauma bure. Ukae kando ya barabara, ununue mapeasi kwa akina mama, ule, unawe, kisha uguse kiki. Inawaka kama vile haikuwa na lolote.

Kazi nyingine zote za mradi huu zilikuwa za kufungua, kusafisha na kufunga. Hii ni ya upelelezi, ndiyo maana nimeitengea shajara yake.

Jumamosi, kabla ya kushika spana

Leo nimeizunguka tu na tochi. Plagi ni mpya. CDI, kile kisanduku kinachoamrisha cheche ya plagi, si ya kiwandani, imechukuliwa kwenye pikipiki ya Kichina na kufungwa kwa ukanda wa mpira wa tairi. Koili ya moto iliyo chini ya tanki nayo si yake, imeshikwa na bolti moja na waya wa kufungia. Alama hizo zinasomeka. Walionitangulia walikutana na ugonjwa huu huu, na kila mmoja akabadilisha alichoweza kukifikia bila jasho. Ugonjwa ukabaki. Siwezi kuvifuta vifaa hivyo vitatu kwenye orodha ya washukiwa, lakini nimevisogeza nyuma.

Ubaya wa hitilafu inayokuja na kuondoka ni huu: badilisha kifaa chochote wakati yenyewe imeondoka, pikipiki itawaka, na fundi atatangaza kwamba amemaliza kazi. Utalipa, utashukuru, utapanda mlima, na utarudi umeipakia pikipiki kwenye Canter. Kila fundi pale stendi amenipa jibu lake bila hata kuisikia ikizima. Mmoja kasema koili, mwingine CDI, wa tatu kaapa kwamba ni betri. Nimejiwekea sharti: hakuna spea itakayonunuliwa mpaka hitilafu ikamatwe ikiwa hai, na mita ya kupimia umeme ikiwa imeshaunganishwa.

Jumapili: moto unatoka wapi

Kabla ya kupima lazima nijue umeme unapita wapi. CG125 zilipotoka mwaka 1976 zilikuja na platini (vijibati vya kukata na kuunga umeme wa cheche) na umeme wa volti 6. Baadaye zikahamia CDI na volti 12, na hii yangu ni ya kundi hilo la pili.

Magneti, yaani gurudumu lenye sumaku, inazunguka ubavuni mwa injini, na ndani yake kuna koili zilizofungwa kwenye sahani isiyozunguka. Nyingi zina waya mnene, hizo ni za taa na kuchaji. Moja ina waya mwembamba kama unywele, mizunguko kwa maelfu. Hiyo ndiyo inayoilisha CDI, na umeme wake ni wa volti mia na zaidi, si wa kuchezea. CDI inauhifadhi umeme huo kwenye kapasita. Koili nyingine ndogo, nitaiita koili ya ishara, inaipa CDI habari kwamba pistoni imefika mahali pake. Hapo CDI inaumwaga umeme wote kwa mpigo kwenye koili ya moto, koili inaupandisha hadi volti elfu nyingi, na cheche inaruka kwenye plagi.

Kuna waya mmoja zaidi ambao watu wengi wanausahau. Ni mweusi wenye mstari mweupe, unatoka CDI kwenda kwenye swichi ya ufunguo. Ukizima ufunguo, waya huo unagusishwa na bodi, yaani chuma cha pikipiki, na moto unafia hapo hapo. Maana yake ni kwamba kwenye pikipiki ya aina hii kuzima si kukata umeme, ni kuupeleka ardhini. Waya huo ukichubuka popote njiani na kugusa chuma, pikipiki itazima hata kama ufunguo uko kwenye ON.

Betri nimeimaliza kesi leo leo. Nimeichomoa nikaiweka mezani, nikapiga kiki, injini ikawaka na kutulia vilevile. Kwa hiyo mfumo wa moto hauitegemei betri. Tahadhari kwa wenye pikipiki nyingine: zipo CDI zinazolishwa na betri, na kwa umbo zinafanana na hizi kama mapacha. Ukizichanganya unaweza kuiua CDI nzima. Jaribio hili la kuchomoa betri linafaa tu kukuambia uko upande upi.

Katikati ya wiki: kuisikiliza ikizima

Nimepanda bila kubeba spea yoyote. Nilitaka kusikiliza tu.

Pikipiki inayokosa mafuta haizimi ghafla. Inafifia, inakohoa, inavuta kidogo, na ukivuta choki inapata nafuu. Yangu haifanyi hivyo. Inazima kama vile mtu amekuja kwa nyuma akageuza ufunguo. Hata hivyo sikutaka kuamini sikio peke yake. Tundu la hewa kwenye mfuniko wa tanki likiziba, mafuta yanagoma kushuka baada ya mwendo fulani, na ukipumzika yanashuka tena; ugonjwa huo unaweza kukupoteza kwa sababu nao unakuja na kuondoka. Nilipanda nikiwa nimelegeza mfuniko, ikazima vilevile. Nikafungua skrubu ya chini ya kabureta, petroli ikamwagika ya kutosha. Mafuta yameachiwa huru.

Ilipozima kabisa chini kidogo ya Soni, niliigeuza nikaiteremsha ikiwa kwenye gia ya tatu, klachi nimeiachia, injini inazungushwa na gurudumu. Taa ya mbele ikawaka. Kwenye toleo hili taa ya mbele inalishwa na koili ya taa moja kwa moja, kwa hiyo magneti inazunguka na sumaku zake zinafanya kazi. Kilichokufa ni njia ya moto peke yake.

Jambo lililonishughulisha zaidi ni hili. Kukata kwa kitambo kidogo kunatokea kwenye kona, na kunaanza mapema, hata injini haijapata moto sawasawa. Kuzima kabisa kunakuja baadaye, injini ikiwa imechemka, na hakuchagui kona wala mnyoofu. Nimeanza kuwashuku wagonjwa wawili waliolazwa kitanda kimoja. Barabara ya Mombo kwenda Lushoto, kilometa zipatazo 30 za kupanda na kupinda, inakupa joto na kona kwa wakati mmoja, kwa hiyo anayeipanda anaona ugonjwa mmoja tu.

Usiku huo huo

Jaribio la bei rahisi kuliko yote: giza na maji. Nimezima taa za uani, nimewasha injini, nikanyunyizia maji kwa chupa ya kupigia pasi kwenye waya wa plagi, kofia ya plagi na koili. Kama umeme unavuja, utaona vicheche vya buluu vikikimbia juu ya mpira kuelekea kwenye chuma.

Kwenye waya hakuna kitu. Kwenye kofia ya plagi, pale inapokutana na waya, kulikuwa na mwanga mdogo unaopepesa. Nimeizungusha kofia ikatoka, nimekata milimita chache za mwisho wa waya zilizoota ukungu wa kijani, nikaizungushia tena kwenye shaba safi. Mita inasema kofia ina ukinzani (jinsi inavyouzuia umeme) wa kilo-ohmu 5, ndivyo inavyopaswa. Mwanga umekwisha. Sidhani hiki ndicho kilichokuwa kinaizima mlimani, lakini nimekitoa njiani kisije kikanidanganya siku ya mvua.

Plagi nimeitazama pia: NGK D8EA, rangi ya kahawia hafifu, nafasi ipo kati ya milimita 0.6 na 0.7. Haina kesi.

Jumamosi: usukani

Mgonjwa wa kona. Nimechomoa soketi ya CDI, nikaweka ncha moja ya mita kwenye waya mweusi wenye mstari mweupe, upande wa waya zinazokwenda mbele, ncha nyingine kwenye bodi. Ufunguo kwenye ON. Mita iko kwenye mlio, yaani inalia umeme ukipata njia kati ya ncha zake mbili. Inapaswa kunyamaza, kwa sababu ufunguo ukiwa ON waya huu haugusi popote.

Imenyamaza. Nikageuza usukani kulia, kimya. Kushoto, kimya. Nikaugeuza kushoto huku nikiukandamiza chini, kama unavyokuwa ukiwa umeshika breki ya mbele kwenye kona, na mita ikalia. Mlio mfupi, wa kukatika. Nikaachia, ukaisha. Nikakandamiza, ukarudi. Hitilafu inayokuja ukiiita si hitilafu tena, ni kazi ya kufanya.

Nimetoa taa ya mbele na kufungua fungu la waya linalopita shingoni. Kuna kibanio cha bati kinachoshikilia fungu hilo kwenye fremu, na ukingo wake umekula gamba la nje, ukala na mpira wa waya mmoja. Shaba inaonekana kwa urefu wa punje ya mtama, inang'aa upande uliokuwa unasuguliwa. Kila usukani ukipinda kushoto na kukandamizwa, fungu linavutwa na shaba inabusu bati. Kwa mtu anayepima pikipiki ikiwa imesimama kwenye stendi, usukani umenyooka, waya huu ni mzima kabisa.

Nimekata kipande kilicholiwa, nimeunga kwa risasi, nimevika mpira wa kusinyaa, nikafunga fungu zima upya kwa tepu ya nguo. Kibanio nimekikunja ukingo na kukivalisha kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli. Fungu lenyewe nimeliachia ulegevu zaidi kidogo, maana hata mtengenezaji mzuri hawezi kujua nani atakuja kulivuta likakaza miaka ishirini baadaye.

Kisha jaribio la kutenganisha. Nimeuacha waya huo mweusi-mweupe ukiwa umechomolewa kabisa kwenye CDI, mwisho wake nimeufunga tepu. Ukifanya hivi ufunguo hauzimi tena injini, itabidi uizime kwa kuweka gia ya juu, kukaza breki na kuachia klachi. Usifanye hivi mjini. Lakini kwa jaribio ni silaha nzuri: kama ugonjwa unatoka kwenye ufunguo au waya wake, lazima utoweke.

Jumapili: mlimani tena

Kona zote safi. Imepanda kama mbuzi wa Usambara. Nikapita kona ile mbaya kuliko zote nikiulaza usukani kushoto kwa makusudi, hakuna kitu.

Halafu, kwenye sehemu iliyonyooka, ikazima kabisa.

Nilifurahi, na mtu aliyeniona pembeni ya barabara nikitabasamu kwenye pikipiki iliyozima sijui alinifikiriaje. Mgonjwa wa pili amebaki peke yake, na ni mgonjwa wa joto.

Jumatatu na Jumanne: kuandaa mtego

Namba za injini ikiwa baridi, kila kitu kimechomolewa kwenye CDI kwanza, kwa sababu ukipima huku CDI imeunganishwa unapima na vilivyomo ndani yake. Koili ya kulisha, kati ya waya mweusi wenye mstari mwekundu na wa kijani: ohmu 260. Koili ya ishara: 130. Koili ya moto, upande wa kuingilia, chini ya ohmu 1. Upande wa kutokea bila kofia, kilo-ohmu 3.6. Zote zinakaa ndani ya kile unachotegemea kwenye mfumo huu. Ningekuwa na haraka ningesema magneti ni nzima na kwenda kununua CDI nyingine.

CDI haipimiki kwa mita ya kawaida. Anayekuambia ameipima kwa mita ya mkononi, mshukuru uondoke. Njia ya maana ni kuijaribu kwa nyingine inayojulikana kuwa nzima, na hapo CG125 ina neema yake. Injini hii ya fimbo za kusukuma valvu iliundwa iwavumilie watu wasiokuwa na mazoea ya kubadilisha oili, Wachina wakainakili kwa wingi, na sehemu kubwa ya bodaboda tulizozizoea zilikuja na injini za kizazi chake. Kila kijiwe kina CDI ya pini tano inayoweza kuazimwa, mradi ni ile ya kulishwa na magneti.

Mtego wenyewe: nimevuta waya mbili ndefu kutoka kwenye soketi ya koili ya kulisha hadi juu ya tanki, nimezifunga kwa tepu, tayari kuchomekwa mita. Waya nyingine mbili za koili ya ishara. Mfukoni nina plagi ya zamani niliyoikata ule mkono wa pembeni, ili cheche ilazimike kuruka mbali zaidi kuliko kawaida. Plagi hiyo inabanwa kwenye chuma cha injini kwa kibanio. Msiishike kwa mkono, na msiache waya wa plagi ukining'inia bila kugusa kitu huku mnapiga kiki. Umeme ukikosa pa kwenda unaweza kupasua koili au CDI. Na petroli iliyomwagika ifutwe kwanza.

Jumamosi: imekamatwa

Imezima mahali pake, juani, injini inanukia oili ya moto. Nikaweka plagi ya majaribio, kiki: giza. Nikachomoa CDI, nikachomeka mita.

Koili ya ishara, ohmu 155. Sawa.

Koili ya kulisha: ile "1" peke yake upande wa kushoto wa kioo, inayomaanisha hakuna njia.

Kijana mmoja wa bodaboda aliyekuwa anashuka na mkungu wa ndizi akasimama.

"Kaka, imekata moto?"

"Imekata, mdogo wangu."

"Hiyo CDI hiyo. Ninayo hapa kwenye yangu, chomoa ujaribu."

"Asante sana, ila subiri kidogo. Angalia hapa."

Nikamwonyesha kioo cha mita. Tukakaa wote wawili kuitazama hiyo "1" huku injini ikitiktika kwa kupoa. Akanieleza habari za bei ya ndizi Mombo. Katikati ya maneno yake namba ikaruka: 318, ikapotea, 316, ikapotea tena, kisha ikatulia 312 na kuanza kushuka polepole.

"Mh," akasema. "Kumbe inajirudi yenyewe."

Namba hiyo ya 312 ina maneno yake. Shaba ikipata joto ukinzani wake unapanda, takriban asilimia 4 kwa kila nyuzi 10 za selsiasi. Koili ya ohmu 260 ikipata joto la nyuzi 50 zaidi inapaswa kusoma 310 na kitu. Kwa hiyo waya wenyewe, kwa urefu wake wote, ni mzima na unafanya kama shaba inavyofanya. Koili iliyoungua, mizunguko ikagusana, ingeonyesha namba pungufu. Hapa kuna mahali pamoja palipokatika ambapo pakiwa baridi panagusana na pakitanuka kwa joto panaachana. Koili ya ishara nayo ilipanda kwa kiasi hicho hicho, 130 hadi 155, kuthibitisha kwamba mita haisemi uongo.

Tulipomaliza kuitazama nikaijaribu CDI ya kijana, kwa adabu tu. Pikipiki ikawaka. Nikarudisha yangu, ikawaka pia. Kama nisingekuwa na mita, angeondoka anajua ameniponya kwa CDI yake.

Katikati ya wiki: chini ya magneti

Magneti haitolewi kwa nyundo. Sumaku zinapasuka, na ncha ya krenki inapinda au nyuzi zake zinaharibika. Nimeazima pula, kifaa cha kuivuta magneti, kwa fundi, imeachia kwa mlio mmoja mkavu. Kile kichuma cha nusu mwezi kinachoifunga magneti kwenye krenki nimekiweka kwenye kisoda chenye grisi, kwa sababu bila hicho cheche hairuki kwa wakati wake.

Sahani imetoka, iko mezani. Koili ya kulisha inaonekana vizuri tu: vanishi haijawa nyeusi, hakuna harufu ya kuungua. Mita inasema 258. Nikaenda nayo saluni ya jirani.

"Dada, naomba draya yako dakika tano."

"Ya kukaushia nini?"

"Koili ya pikipiki."

Alicheka mpaka mteja wake akageuka, lakini alinipa. Nikaelekeza hewa ya moto huku mita imefungwa. 265, 272, 280, inapanda kwa utulivu. Nikaanza kuugusagusa kwa kijiti cha meno kila mahali waya unapotokeza. Kwenye kile kipini ambapo waya mwembamba unakutana na ule mweusi-mwekundu, niligusa kidogo tu na kioo kikasema "1".

Kwa tochi na kioo cha kukuzia: waya unatoka kwenye mizunguko, unapanda kwenye kipini ukiwa umekazwa kama uzi wa gitaa, na pale unapoingia kwenye risasi kuna ufa. Vanishi ya zamani imezishika ncha mbili zikae uso kwa uso. Ndiyo maana ikiwa baridi inafanya kazi.

Kununua sahani nzima ya Kichina nilikufikiria. Tatizo ni kwamba idadi ya koili na mpangilio wake lazima uendane na sumaku za magneti yako, na zilizopo madukani hapa ni za mipangilio tofauti tofauti. Ingebidi ninunue na magneti yake.

Kwa mzee wa kusuka mota

Nimempelekea mzee mmoja Korogwe anayesuka mota za pampu na mashine za kusaga.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Pampu hiyo?"

"Hapana mzee, pikipiki. Waya umekatika kwenye kipini."

Akaivuta miwani, akaitazama bila kuigusa. "Huu haukuungua. Ungeungua ungeona weusi. Huu umechoka shingoni kwa kutikisika."

Hakuisuka upya. Alifungua nusu mzunguko wa juu kupata urefu, akaukwangua waya kwa msasa laini sana mpaka rangi ya vanishi ikatoka na shaba ikabaki. Akauzungusha kwenye kipini akiacha kitanzi kilegevu, akatia risasi kwa mguso mmoja. Kisha akapaka vanishi ya mota juu ya kitanzi na kipini chote, akaiweka karibu na balbu ya moto ikauke. Nusu mzunguko kati ya maelfu haubadilishi chochote cha maana. Mita: 259. Nikaomba aiweke tena kwenye joto nami nikaigusagusa na kijiti. 270, 290, 305, haikuruka hata mara moja.

Kitanzi hicho kilegevu ndicho dawa yenyewe. Kuunga bila ulegevu ni kuuahirisha ufa.

Majaribio ya mwisho

Imefungwa, nati ya magneti imekazwa, waya mweusi-mweupe umerudi kwenye CDI na ufunguo unazima kama inavyotakiwa. Nimepanda mchana wa jua kali, nimebeba mfuko wa saruji nyuma ili injini ifanye kazi kweli. Soni imepita. Lushoto imepita. Nikaendelea hadi Magamba, nikaiacha ikinguruma imesimama bila upepo mpaka fini za silinda zikawa haziguswi, nikapiga gesi, nikazima, nikawasha ikiwa moto vile vile. Kiki moja.

Juzi nimepanda na mvua ya kutosha na ukungu wa Soni. Haikukata moto hata mara moja.

Zile waya ndefu za juu ya tanki bado sijazitoa. Zitakaa hapo mpaka mvua za masika ziishe, zimefungwa tepu, kwa sababu hazigharimu kitu. CDI ya Kichina nimeiondolea mpira wa tairi na kuitengenezea kibanio cha bati chenye bolti mbili. Kumbe haikuwa na kosa lolote. Koili ya moto nayo imepata bolti yake ya pili.

Kinachofuata ni bushi za mkono wa nyuma, ule unaoshika gurudumu la nyuma. Gurudumu linacheza ukilisukuma kwa mguu, na nikiwa na mfuko wa saruji nililisikia likinipeleka kushoto kwenye mteremko wa kurudi. Fimbo inayopita katikati ya bushi hizo imeshika kutu na haitaki kutoka, nimeimwagia dizeli tangu jana.